Darubini ya Kwenda Nayo Mbugani: Mwongozo Kamili wa Kuichagua na Kuinunua Dar es Salaam

Ingia duka lolote la kamera na tochi pale Kariakoo, uliza darubini, na muuzaji atakutajia sifa moja tu: inavuta. "Bosi, hii inavuta mpaka kilometa kumi, hata Zanzibar unaiona." Atakuwekea mezani mbili tatu, kila moja na namba kubwa kuliko ya mwenzake, na bei inapanda kufuata namba. Watu wananunua, wanakwenda nayo Mikumi, na siku ya kwanza mbugani wanamwona simba akitetemeka ndani ya duara dogo lenye giza. Wakirudi, darubini inaishia juu ya kabati.

Kuvuta ndiyo sifa ya mwisho ya kuulizia. Kwa mtu wa Dar anayepanga kwenda Mikumi, Saadani au Hifadhi ya Nyerere, na pengine Pugu kutazama ndege siku ya Jumapili, darubini ya 8x42 yenye vioo safi itamwonyesha wanyama wengi zaidi, na kwa raha zaidi, kuliko yoyote iliyoandikwa 20 au 30. Hapa chini naeleza sababu, kisha namna ya kuijaribu dukani hata kama muuzaji ananuna, kisha namna ya kuilinda na unyevu wa pwani.

Utatazama nini, ukiwa wapi

Mbuga zilizo karibu na Dar hazifanani. Mikumi, umbali wa kama kilometa 280 kwa barabara ya Morogoro, ina uwanda wa Mkata: nyasi, anga kubwa, nyati na pundamilia waliotawanyika mbali. Ukiwa uwandani utatamani kuvuta mbali, lakini subiri. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi inapata moto, hewa juu ya nyasi inaanza kuchezacheza, na kila unachokitazama kwa mbali kinayeyuka. Hakuna darubini inayoweza kuitibu hewa. Inayovuta zaidi inakuza pia huko kuchezacheza, na mchana unabaki na picha kubwa isiyosomeka.

Saadani ni nyingine: vichaka, mto Wami, na bahari, maana ndiyo hifadhi yetu inayokutana na Bahari ya Hindi. Hapo mnyama anatokea karibu na anapotea haraka, kwa hiyo unahitaji darubini inayoonyesha eneo pana ili umpate kabla hajaingia kichakani. Nyerere, iliyotengwa kutoka Selous mwaka 2019, watu wengi wanaitembelea kwa boti kwenye mto Rufiji, na boti haitulii. Msitu wa Pugu una kivuli kizito hata saa sita mchana, na ndege wake ni wadogo na hawakai.

Ukiviweka pamoja vyote hivyo, unaona kwamba shida yako mara nyingi ni mkono kutotulia, eneo kuwa finyu na mwanga kupungua. Umbali wenyewe ni shida ya nne.

Namba mbili zilizoandikwa juu yake

Kila darubini ina namba kama 8x42, 10x42, 8x32 au 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa dirisha linaloingiza mwanga.

Chukua pundamilia aliye mita 200. Kwa darubini ya 8 unamwona kana kwamba yuko mita 25. Kwa ya 10, mita 20. Hizo mita tano ndizo watu wanazolipia. Gharama yake ni kwamba ya 10 inakuza pia kila mtikisiko wa mkono wako, na eneo unaloliona linapungua. Darubini nyingi za 8x42 zinaonyesha upana wa mita 120 hadi 140 kwa umbali wa mita 1000, ilhali za 10x42 nyingi ziko kwenye 100 hadi 115. Ukiwa umesimama kwenye gari lenye paa la kufunguka, huku abiria mwenzako anahama upande kumtafuta tembo, tofauti hiyo unaisikia mkononi.

Siikatai ya 10. Mtu mwenye mkono mtulivu, anayetazama zaidi uwandani na aliyezoea, itamfaa. Lakini kama hii ni darubini yako ya kwanza, chukua 8. Zaidi ya 10 unahitaji stendi ya miguu mitatu, na hakuna anayefunga stendi ndani ya Land Cruiser iliyojaa watu.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni kama milimita 5.3. Huo ndio upana wa mwali wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Mchana wa jua kali mboni yako inabana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo hata darubini ndogo ya 8x25, yenye mwali wa 3.1, itakutosha. Alfajiri na jioni mboni inafunguka zaidi, na hapo darubini ndogo inaonyesha giza wakati 8x42 bado inaonyesha rangi ya manyoya. Kijana mboni yake inaweza kufunguka mpaka karibu milimita 7 gizani. Ukivuka miaka 50 wengi hawafiki huko, kwa hiyo mzee hana sababu ya kubeba 7x50 nzito ya mabaharia.

Usiipe jioni uzito kupita kiasi, hata hivyo. Kwetu jua likizama giza linashuka upesi, ndani ya kama dakika 20 tu, na muda huo hifadhini unatakiwa uwe umeshaelekea getini au kambini. Mwanga hafifu unaokuhusu kweli ni ule wa nusu saa ya kwanza asubuhi, na kivuli cha msitu. Mwali wa milimita 4 hadi 5 unatosha kwa vyote viwili. Ndiyo maana 8x32 nayo ni chaguo zuri sana kwa mtu asiyependa uzito: nyingi hazizidi gramu 600, wakati 8x42 zinakaa kati ya 600 na 750.

Zile za 30x60

Mitaani na mitandaoni zimejaa darubini ndogo za mfukoni zilizoandikwa 30x60, nyingine na zaidi ya hapo. Chukua rula. Pima kioo cha mbele: namba inadai milimita 60, lakini mara nyingi hakifiki hata 30. Kisha soma maandishi madogo ubavuni, mara nyingi yameandikwa "126m/1000m", yaani upana wa mita 126 kwa umbali wa mita 1000. Huo ni upana wa nyuzi 7.2. Ingekuwa kweli inakuza mara 30, picha ingetanda nyuzi 216 mbele ya jicho lako, zaidi ya nusu duara, jambo ambalo hakuna lenzi ya darubini inayolifanya. Upana huo ni wa darubini inayokuza kama mara 8. Kwa hiyo kitu unachokishika ni 8 kwa ishirini na kitu, kimevalishwa namba za watu wengine.

Ukitaka kuhakikisha, ishike mbali na uso, uelekeze lenzi za mbele kwenye ukuta mweupe au angani (si kwenye jua), upime kale kaduara ka mwanga kwenye lenzi ya nyuma. Kipenyo cha lenzi ya mbele ukigawa kwa kipenyo cha kaduara hako unapata ukuzaji halisi. Milimita 25 kwa 3 ni kama 8. Hesabu imekwisha, na muuzaji hawezi kuibishia.

Inaweza kukufaa kwa mpira uwanjani, ukiinunua kwa bei yake halisi.

Weka pembeni pia zile za kuvuta na kurudisha, zenye kijiti cha kubadilisha ukuzaji kama 10 hadi 30. Za bei ya kawaida zinakuwa na eneo finyu sana, na mara nyingi mirija yake miwili haibadiliki kwa pamoja, macho yanaumia. Na zile zisizo na gurudumu la kufokasi, zinazotangazwa kuwa "hazihitaji kurekebishwa", zinalazimisha jicho lako lifanye kazi ambayo gurudumu lingeifanya.

Vioo na prizimu

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, na hapa ndipo mabango ya dukani yanaponyamaza.

Ndani ya kila darubini kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyoigeuza picha isimame wima. Kuna maumbo mawili. Lile la zamani lenye mabega, ambapo lenzi za mbele zimeachana zaidi kuliko za nyuma, linaitwa Porro, kwa jina la Mwitaliano Ignazio Porro aliyelisajili katikati ya karne ya 19. Lingine lina mirija iliyonyooka, na ndilo wengi wanaliona la kisasa. Mirija iliyonyooka ni myembamba na rahisi kuzibwa maji yasiingie, lakini kutengeneza prizimu zake vizuri ni ghali. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, Porro ya kampuni inayojulikana mara nyingi itakupa picha kali zaidi kuliko ya mirija iliyonyooka ya bei hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba Porro nyingi za bei nafuu hazijazibwa, na unyevu wa Dar unazipenda.

Prizimu hutengenezwa kwa kioo cha aina mbili kuu, BaK-4 na BK7, na ya kwanza ndiyo bora kwa kawaida. Usiamini kibandiko. Tazama tena kale kaduara ka mwanga ukiwa umeishika mbali: kakiwa duara kamili lenye mwanga sawa, vizuri. Kakiwa kamekatwa kingo na kuwa kama mraba wenye vivuli vya kijivu pembeni, ni kioo duni au prizimu ndogo kuliko inavyotakiwa.

Halafu kuna utando unaopakwa juu ya lenzi. Kioo kisicho na utando kinapoteza asilimia 4 hivi ya mwanga kwa kila uso, na darubini ina nyuso nyingi ndani. Tafuta maneno au herufi FMC, maana yake nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Ukitazama lenzi ya mbele chini ya taa utaona mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na kioo kinaonekana cheusi, kirefu. Zile lenzi nyekundu zinazong'aa kama taa za nyuma za gari ni mapambo tu: zinarudisha mwanga mwekundu nje, na wewe unabaki na dunia ya kibluu.

Kama unavaa miwani

Uliza umbali wa jicho, yaani jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na lenzi ya nyuma na bado likaona picha nzima. Mwenye miwani anahitaji angalau milimita 15, na 17 au 18 ni raha zaidi. Namba hiyo ipo kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Vikombe vya mpira vya machoni viwe vya kuzungusha na kushuka. Vile vya kukunja vinapasuka baada ya muda, hasa kwa joto letu. Vaa miwani yako siku ya kwenda dukani, watu wanasahau.

Watoto macho yao yako karibu zaidi. Hakikisha mirija inakunjika mpaka inalingana na macho ya mtoto mwenyewe, mpeleke ajaribu. Kwa mtoto wa shule ya msingi, 6x30 au 8x25 nyepesi itatumika. Ile nzito atakurudishia ndani ya dakika mbili.

Dukani, hatua kwa hatua

Nenda asubuhi, kabla duka halijajaa. Muuzaji mwenye wateja kumi hatakuruhusu utoke na mali yake barazani, na bila kutoka nje hujajaribu chochote. Ndani ya duka kila darubini ni nzuri. Ombi lenyewe ni rahisi: "Kaka, naomba nisimame nayo hapo mlangoni, kijana wako asimame nami." Akikataa kabisa, msalimie, nenda duka la pili.

Kabla ya kutazama kitu chochote, itikise kidogo karibu na sikio. Isiwe na kitu kinachogonga ndani. Kunja na kunjua bawaba yake ya katikati: iwe nzito kiasi na ibaki ulipoiacha. Zungusha gurudumu la kufokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Likiwa na ulegevu, yaani unalizungusha na picha inachelewa kufuata, kila siku utakuwa unapita mahali pa fokasi na kurudi. Washa tochi ya simu, imulike kwa mbele, tazama ndani: vumbi moja moja halidhuru, lakini ukungu, madoa ya mafuta au nyuzi kama za utando wa buibui ni sababu ya kuirudisha.

Sasa toka nje. Dar imekupa kifaa cha kupimia bure, nacho ni kunguru. Tafuta aliyetua juu ya waya wa umeme, mbele ya anga nyeupe. Huyu kunguru wetu wa mjini, aliyeletwa Zanzibar kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19, ana shingo ya kijivu na mwili mweusi. Darubini nzuri inakuonyesha mpaka kati ya kijivu na cheusi, na ukiangalia vizuri unaona weusi wenyewe una mng'ao wa bluu. Darubini mbovu inakuonyesha ndege mmoja mweusi tii, na pembezoni mwa mbawa zake kuna mstari wa zambarau upande huu na wa kijani upande ule. Kidogo cha mstari huo kipo hata kwenye darubini za bei ya kati. Kikiwa kinakuvuta macho, acha.

Usimwondoe kunguru bado. Mweke katikati, fokasi iwe kali, kisha sogeza darubini mpaka awe pembeni ya duara. Ukungu kidogo kwenye kingo ni wa kawaida. Kama nusu nzima ya picha imelegea, eneo pana uliloahidiwa halitumiki.

Jaribio linalofuata ndilo muhimu kuliko yote, na wengi hawalifanyi. Tafuta mstari mlalo ulio mbali, ukingo wa paa la ghorofa au waya. Utazame, kisha taratibu ondoa darubini machoni kama sentimita 10, huku bado unaona duara mbili. Mstari upite kwenye duara zote mbili kwa kimo kimoja. Ukiwa juu kwenye duara moja na chini kwenye jingine, mirija haijalingana. Ubongo wako utajitahidi kuziunganisha picha hizo kwa dakika chache na utadhani uko sawa, kisha kichwa kitaanza kuuma ukiwa katikati ya Mkata. Darubini ikianguka hata mara moja inaweza kupata ugonjwa huu, na safari ya mizigo kutoka ng'ambo ni ya kuangushwaangushwa. Kwa hiyo jaribu ileile utakayoondoka nayo. Muuzaji akikupa ya kujaribia kisha akakuletea boksi jipya kutoka stoo, fungua boksi hilo na uanze upya.

Mwisho elekeza kwenye kitu kilicho kivulini, karibu na anga kali lakini mbali na jua lenyewe. Picha ikipauka kama imemwagiwa maziwa, mwanga unadunda ndani. Ukiwa mbugani asubuhi au jioni, jua liko chini na hali hiyo itakukuta kila siku.

Jua lenyewe usilitazame kwa darubini hata kwa sekunde moja, linaunguza jicho bila kukupa onyo. Na kwa usalama wa aina nyingine: usisimame na darubini ukiielekeza Ikulu, bandarini, kwenye kambi za jeshi au polisi. Ukitaka kufanya mazoezi ya meli, Coco Beach inatosha, meli zinazosubiri zamu zinaonekana vizuri kutoka hapo.

Ukilipa, dai risiti ya EFD na uandikiwe jina la modeli. Kama kuna garantii, iandikwe ni ya nani, duka au kampuni, na ya muda gani.

Mtumba, na kuagiza nje

Darubini za mtumba zinazokuja na mizigo ya Japani na Ulaya zinaweza kuwa bahati kubwa, kwa sababu kioo kizuri hakizeeki. Kinachozeeka ni grisi, mpira na zile zibo za maji. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimekwaruzwa, kuna fundi aliyeifungua, na kuirudishia ulinganifu si kazi ya bisibisi. Inuse. Harufu ya uvundo ni fangasi. Kisha fanya majaribio yote ya hapo juu, ukiongeza umakini kwenye lile la mstari mlalo.

Kuagiza kupitia wakala kunakupa uchaguzi mpana lakini kunakunyima kunguru wa kwenye waya. Agiza tu modeli ambayo umeshaishika ya mwenzako, au kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa. Mwulize wakala gharama ya jumla mpaka mkononi mwako, kodi ikiwemo, kabla hujatuma hela. Majina makubwa yanaigwa sana, kwa hiyo bei ikiwa robo ya inayotangazwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, unajua ulichonunua.

Bei inanunua nini

Kwa bei za nje, dola 100 hadi 150 zinakupa 8x42 ya kweli, iliyozibwa maji, yenye FMC. Nikon Prostaff P3 na Celestron Nature DX ziko eneo hilo. Dola 200 hadi 300 zinakupa vioo vinavyoonekana wazi kuwa bora, kama Vortex Diamondback HD. Kutoka hapo hadi Zeiss, Leica na Swarovski za dola elfu na zaidi, unalipia maboresho madogo madogo: kingo kali, rangi safi, nusu saa zaidi ya kutazama bila macho kuchoka. Kwa mwongoza watalii anayeishika kutwa nzima, hiyo ni zana ya kazi. Kwa familia inayokwenda mbugani likizo ya Desemba, mimi ningenunua mbili za dola 120 badala ya moja ya 300, baba na mama wasigombee.

Simu yenye kuvuta mara 100 haiingii kwenye hesabu hii. Sehemu kubwa ya kuvuta huko ni kukata picha na kuipanua, na huwezi kutembeza simu uwandani kutafuta duma kwenye nyasi kwa kutazama kioo chenye mwanga wa jua juu yake.

Kuiweka sawa na macho yako

Ikishafika nyumbani, ichukulie robo saa barazani. Kwanza kunja mirija mpaka zile duara mbili ziwe moja kamili. Pandisha vikombe vya mpira kama huvai miwani, shusha kama unavaa. Chagua bango lenye maandishi lililo mbali. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote mawili yabaki wazi, kisha zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Hamisha kiganja uzibe ya kushoto, na sasa usiguse gurudumu: zungusha pete ndogo iliyo kwenye jicho la kulia mpaka maandishi yakae. Kumbuka alama ya pete iko wapi. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati pekee, na mtu mwingine akiazima utairudisha pete kwenye alama yako.

Watu wengi wanaosema "mimi darubini zinanitia kizunguzungu" hawajawahi kuigusa pete hiyo.

Mbugani, mwone mnyama kwa macho kwanza, usiondoe macho kwake, inua darubini iingie kati yako na yeye. Bana viwiko kifuani au viegemeze kwenye ukingo wa dirisha juu ya mfuko wa kilo moja ya maharage makavu. Na mwombe dereva kwa adabu, "Kaka, tunaomba uzime injini kidogo." Injini ikinguruma, hata darubini ya bei mbaya haitulii.

Unyevu, chumvi na fangasi

Hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, na fangasi wa lenzi hawahitaji zaidi ya hapo pamoja na giza na kukaa bila kuguswa. Wakishaota wanakula utando wa kioo, na hata wakisafishwa alama inabaki. Kwa hiyo nunua iliyozibwa na kujazwa naitrojeni kama pesa inaruhusu. Alama ya IPX7 maana yake inastahimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Naitrojeni inazuia ukungu usijifanye kwa ndani.

Mkoba inaokuja nao, hasa wa ngozi, ndiyo nyumba ya fangasi. Nyumbani ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika. Vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu vinachoka haraka. Nunua zile chembe zinazobadilika rangi zikijaa maji, uzikaushe kwenye oveni ya moto mdogo zikibadilika. Mchele usiuweke, unatoa unga. Itoe na uitumie mara kwa mara, hata kama ni kutazama embe la jirani limeiva au bado.

Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa ipate joto taratibu, la sivyo maji yatatanda juu ya lenzi. Ukirudi kutoka Saadani au Kigamboni, pangusa mwili wake kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usiiache kwenye dashibodi juani.

Lenzi zenyewe zisafishe mara chache. Puliza vumbi kwanza kwa kipampu cha mpira, kisha brashi laini, kisha kitambaa maalumu cha lenzi kilicholowana kidogo. Ncha ya khanga, shati na karatasi ya chooni vinasugua mchanga wa Mikumi juu ya utando uliolipia.

Ikianguka na picha zikawa mbili, usiifungue mwenyewe. Fundi wa kamera mwenye vifaa vya kulinganisha mirija anaweza kuirudisha, lakini kwa darubini ya bei ndogo gharama yake inaweza kukaribia bei ya mpya, kwa hiyo mwulize kabla hajashika bisibisi.